Ziwa Zuri, Watu Wasioonekana



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa la kujifurahisha tu: video za safari. Siku hizi mtu mmoja mwenye kamera, au hata simu tu, anaweza kufika kando ya ziwa, kupiga picha za jua likichomoza na mitumbwi ikirudi, kisha kuzionyesha dunia nzima bila kutumwa na televisheni yoyote. Video hizo hutufikia hata sisi, hapa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, kupitia simu ya jirani au ya mtoto wa shule.

Baadhi yenu mlizaliwa kando ya Ziwa Mweru, huko Pweto au Kilwa. Mnajua mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Mnajua pia jinsi watu walivyoondoka huko. Mwaka 2000 vita vilipofika Pweto, maelfu walivuka mpaka na kuingia Zambia. Mwaka 2017 wengi tena walikimbilia upande huohuo, wilaya ya Nchelenge. Wengine walichukua njia ya mjini na mpaka leo hawajarudi.

Tufikirie familia moja ya namna hiyo. Ni jioni. Jirani anakuja na simu, anasema: "Mama, njoo uone kwenu!" Maji yanang'aa, ndege wanaruka, muziki ni mtamu. Mama anatazama, ananyamaza. Mtoto wake aliyezaliwa mjini anauliza: "Mama, mbona hakuna watu? Ninyi mlikuwa mnakaa wapi?"

Swali la mtoto huyo ndilo somo letu. Picha nzuri ya ziwa inaweza kuwaficha watu wa ziwa. Lakini watu hao wakishika kamera wenyewe, kwa hekima na bila chuki, picha inaweza kuwarudishia sauti. Tutajifunza hayo kutokana na mambo yaliyotokea kweli.

Video ya msafiri hutengenezwaje?

Tusimhukumu msafiri kabla ya kumwelewa. Ana siku chache na pesa kidogo. Anatafuta kitu kitakachomfanya mtu wa mbali aseme, "Na mimi nataka kufika huko." Kwa hiyo anachagua asubuhi yenye mwanga mzuri, anageuza kamera mbali na takataka, mbali na kambi, mbali na nyumba iliyoungua. Baadaye anakata vipande asivyovitaka na kuunganisha vilivyobaki. Alichoonyesha ni kweli, lakini ni kipande cha kweli tu.

Kipande hicho kinaweza kuleta madhara matatu tusipokuwa waangalifu.

La kwanza, mtu asiyepajua mahali pale anaweza kudhani ardhi haina wenyewe. Akiwa mfanyabiashara au mkubwa wa serikali, ataona mahali pa kujenga hoteli au kuweka hifadhi, na hatauliza ni nani alikuwa akilisha ng'ombe au kuanika samaki hapo.

La pili, mtoto wetu anaweza kudhani kwamba wazazi wake hawana kwao, au kwamba wanatia chumvi wanaposimulia.

La tatu, na hili ni la hatari zaidi, mtu aliyekimbia anaweza kuona utulivu kwenye picha akaamua kurudi. Lakini video ile ilipigwa lini? Upande gani wa ziwa? Picha ya mwaka juzi haiwezi kukuambia kama njia ni salama leo. Kurudi nyumbani ni uamuzi wa uhai wa watoto, na unahitaji habari kutoka kwa watu unaowaamini walioko huko sasa.

Ziwa Bogoria: pazuri mpaka watu wakaondolewa

Sasa tutoke komini ya Kenya twende nchi ya Kenya, kwa sababu huko kuna jamii iliyopitia jambo hili tangu mwanzo.

Ziwa Bogoria liko katika Bonde la Ufa, kaunti ya Baringo, karibu na mstari wa ikweta. Ni ziwa jembamba na refu, maji yake ni ya magadi, na samaki hawaishi ndani yake. Kando yake kuna chemchemi za maji ya moto yanayoruka juu na kutoa mvuke. Heroe, wale ndege wenye rangi ya waridi, hukusanyika hapo kwa wingi sana, hata ukingo wa maji wote ukaonekana kama umepakwa rangi. Kwa mpiga picha wa safari, hakuna mahali rahisi kuliko hapo. Ukielekeza kamera popote, utapata picha nzuri.

Wageni waliliita ziwa hilo kwa jina la James Hannington, askofu Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1885. Yeye alikuwa mpita njia. Waliokuwa wakiishi hapo kwa karne nyingi ni Waendorois, jamii ya wafugaji. Ng'ombe wao walilamba udongo wenye chumvi wa kando ya ziwa. Ibada na sherehe zao zilifanyika hapo. Wanaamini kwamba roho za wafu wao wote, popote walipozikwa, hukaa katika ziwa hilo. Wakati wa kiangazi walipandisha mifugo kwenye msitu wa Mochongoi, na mvua iliporudi waliteremka tena.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaanza kuondolewa. Walipelekwa kwenye nchi kavu zaidi, na mifugo mingi ikafa. Walivyoeleza baadaye katika kesi yao, waliahidiwa kwamba familia 400 zingepewa ardhi yenye rutuba, na kwamba jamii ingepata asilimia 25 ya mapato ya utalii na asilimia 85 ya kazi za hifadhi. Lakini mwaka 1986, baada ya miaka 13, familia 170 tu ndizo zilizopewa pesa, kama shilingi 3,150 za Kenya kwa kila familia. Hata kwenda ziwani kuomba kulihitaji ruhusa ya wenye mamlaka.

Watalii waliendelea kuja. Walipiga picha za heroe na mvuke wa chemchemi, wakaenda nazo kwao. Katika picha zao hapakuwa na Mwendorois hata mmoja, kwa sababu Waendorois walikuwa wameshaondolewa. Watu walipoondolewa, picha ilionyesha pori lisilo na watu. Na anayeiona picha hiyo husema: "Pori kama hili halikuwa na watu." Hivyo kuondolewa kwao kulianza kujifuta kwenyewe.

Video ya wenyewe

Waendorois hawakuchukua silaha. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Nakuru iliikataa kesi yao. Mwaka 2003 baraza lao, likisaidiwa na shirika la Kenya liitwalo CEMIRIDE na shirika la Minority Rights Group la Uingereza, lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo makao yake ni Banjul, Gambia.

Huko kulikuwa na swali gumu. Serikali ilisema kwamba Waendorois si jamii ya pekee, bali ni sehemu tu ya Watugen wengine. Kwa maneno mengine, waliulizwa: "Ninyi ni nani, na ziwa hili linawahusu nini?" Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa hati ya kiwanja, maana babu zao hawakupewa hati. Linajibiwa na mzee anayesema pale mifugo iliponyweshwa, na mama anayeeleza sherehe ilifanyika wapi.

Mwaka 2006 CEMIRIDE, pamoja na shirika la WITNESS linalofundisha watu kutumia video kutetea haki, lilitoa video iitwayo Rightful Place. Ilihusu ziwa lilelile ambalo watalii walikuwa wakilipiga picha, lakini safari hii waliosikika ni watu wa ziwa. Video hiyo ikapelekwa mbele ya Tume pamoja na maandishi na ushuhuda wa mdomo.

Tume ilitoa uamuzi wake Novemba 2009, na Umoja wa Afrika ukaupitisha mwanzoni mwa mwaka 2010. Ilikubali kwamba Waendorois ni jamii yenye utambulisho wake, na ilieleza wazi kwamba ilifikia hapo kwa kutazama ushahidi wote: wa mdomo, wa maandishi na wa video. Ikasema haki zao za dini, mali, utamaduni, mali asili na maendeleo zilivunjwa. Ikapendekeza warudishiwe ardhi ya mababu, waruhusiwe kwenda ziwani kwa ibada na malisho bila kizuizi, walipwe fidia, na wapate sehemu ya mapato.

Tume ilipima haki hizo kwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Nchi yetu iliuridhia mkataba huohuo mwaka 1987. Kwa hiyo habari hii inatuhusu na sisi.

Video haikumaliza kazi

Ndugu zetu, hatutaki kuwapa matumaini ya bure. Uamuzi ule haukuwarudisha Waendorois siku iliyofuata. Mwaka 2011 ziwa Bogoria liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, na Tume ilipaswa kusema tena kwamba jambo hilo lilifanyika bila ridhaa ya Waendorois. Mwaka 2014 serikali iliunda kikosi kazi cha kutekeleza uamuzi, na baadhi ya hatua zimechukuliwa. Lakini urejeshaji wa ardhi, ambao ndio moyo wa uamuzi, haujakamilika.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kuanzia mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Kufikia mwaka 2020 nyumba, mashamba na barabara kando ya Bogoria na Baringo vilikuwa vimefunikwa, na familia nyingi zikahama. Baadhi ya chemchemi za moto, zilezile ambazo watalii walizipenda, zilizama chini ya maji.

Hapo tunaona faida nyingine ya kuandika na kurekodi. Ukingo wa ziwa unaweza kuhama. Mti uliokuwa alama ya mpaka unaweza kuanguka. Wazee hufa. Kilichorekodiwa kwa uaminifu, kikatajwa mahali na tarehe, hubaki hata kama mahali penyewe pamebadilika.

Picha inaweza pia kuwasha moto

Kabla ya kuanza kurekodi, kuna onyo kwa viongozi. Kamera inaweza kuwa daraja, na inaweza kuwa rungu.

Tuseme kijana anarudi kijijini kwao kwa siku moja. Anamkuta mtu mwingine akilima shamba la baba yake. Anampiga picha kwa siri na kuzituma kwa ndugu zake mjini na maneno haya: "Tazameni mwizi wetu." Kabla ya jua kuzama, vijana kumi wana hasira. Hakuna aliyemuuliza yule mlimaji. Labda na yeye alikimbia kijiji chake. Labda chifu ndiye aliyempa shamba baada ya kuliona limelala miaka kumi. Picha ilionyesha mtu na jembe. Haikuonyesha njia iliyomfikisha hapo.

Basi tukumbuke: msafiri alitufuta sisi kwa kutotuonyesha, na sisi tunaweza kumfuta mwenzetu kwa njia ileile. Kumbukumbu ya kwetu isiyomtaja jirani tuliyekunywa naye maji ya ziwa moja nayo ni kipande tu cha kweli. Anayetafuta haki peke yake, bila kumwachia mwenzake nafasi ya kusema, anaandaa mgogoro wa watoto wake.

Mambo ya kufanya

Mnapotazama video ya msafiri, ifanyeni kuwa kikao cha familia. Tazameni mara ya kwanza kwa furaha, maana uzuri wa kwetu si dhambi kuufurahia. Mara ya pili, simamisheni picha na mwulizane: Hapa ni wapi? Ni lini? Nani anaonekana, na nani haonekani? Nani anasema, na nani anasemewa? Mzee au mama aendelee pale kamera ilipoishia: "Nyuma ya mti huo kulikuwa na shule. Hapo tuliuza samaki." Mtoto aandike au achore ramani.

Mkitaka kurekodi kumbukumbu zenu wenyewe, fuateni haya:

1. Ombeni ridhaa. Kila anayerekodiwa aambiwe ni kwa kazi gani, na nani ataona. Akikataa, aheshimiwe. Akikubali leo na kujuta kesho, ushuhuda wake utolewe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali, na mtoto pia.

2. Tangulizeni usalama. Kwa mtu aliye hatarini, rekodini sauti tu, au mikono yake, na msitaje jina. Msipige picha za askari, vizuizi vya barabarani, madaraja au kambi. Ulizeni kwanza kwa wenye mamlaka kama mnahitaji kibali.

3. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali na lugha inayotumika. Hii ni kazi ya nusu dakika, lakini bila hayo ushahidi hupoteza nguvu.

4. Mwacheni mtu aseme kwa lugha yake. Kibemba, Kiluba, Kitabwa au Kiswahili, maneno ya mahali yana ukweli wake. Tafsiri inaweza kufanywa baadaye. Msimfundishe la kusema.

5. Tenganisheni alichokiona na alichokisikia. "Niliona nyumba yetu ikiungua" ni ushuhuda. "Tuliambiwa ni watu fulani" ni habari ya kuchunguzwa. Vyote viwili visichanganywe.

6. Hifadhini rekodi nzima, bila kukata, mahali pawili tofauti. Simu huibiwa na hutumbukia majini. Mkikata kipande kifupi cha kuonyesha, ile ya asili ibaki.

7. Waiteni majirani wa upande wa pili. Kabla ya kuonyesha video hadharani, itazameni pamoja na wazee wa jamii nyingine mliyoishi nayo. Waulizeni: "Tumesahau nini?" Jibu lao linaweza kuuma, lakini litaifanya video yenu iaminike.

8. Msitume ovyo. Kitu kikitoka kwenye simu yako hukimiliki tena. Ushuhuda wa mateso, hasa wa wanawake na watoto, usiwe wa kupitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Hakuna haja ya kamera ya bei kubwa. Kama hakuna simu, daftari na ramani iliyochorwa kwa mkono ni mwanzo mzuri. Waendorois walirithi ushahidi wao katika midomo ya wazee muda mrefu kabla ya video.

Neno kwa viongozi

Wenye vikundi, mabaraza, makanisa na misikiti, mna kazi ya pekee. Ninyi ndio mtakaoamua kama kumbukumbu za watu wenu zitakuwa mbegu au kiberiti. Mtu akija na kamera kutoka mbali, mpokeeni kwa heshima. Mwambieni: "Karibu. Piga picha ya ziwa. Lakini kwanza keti na hawa wazee wakueleze liliitwaje." Msafiri mwenye nia njema atashukuru, na video yake itakuwa bora zaidi. Asiyetaka kusikia, mmekwisha kumjua.

Waendorois waliomba haki kwa miaka mingi, bila kuacha na bila kumwaga damu. Hawajapata yote. Lakini hakuna tena anayeweza kusimama kando ya Bogoria na kusema kwamba hapo hapakuwa na watu. Hilo walilipata kwa sababu walisema, wakasikika, na maneno yao yakahifadhiwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Ni mahali gani penu palipo pazuri ambapo mgeni akipapiga picha hatawaona ninyi? Mngependa ajue nini?

Je, kuna mtu aliyewahi kurudi, au kutaka kurudi, kwa sababu ya picha aliyoiona? Alihakikishaje kwamba habari ni ya kweli?

Katika simulizi zetu za kwetu, ni jirani gani tunayemsahau? Yeye akisimulia, tungeonekanaje?

Ni mzee gani kati yetu anayepaswa kusikilizwa mwezi huu, kabla ya muda kupita?

Turudi kwa yule mtoto na simu ya jirani. Mama anaweza kumjibu hivi: "Watu walikuwepo, mwanangu. Kaa hapa nikuonyeshe. Pale pembeni, picha ilipokatwa, ndipo palikuwa kwetu. Na pale karibu walikaa jirani zetu, na tulikula pamoja." Mtoto anayelelewa kwa jibu kama hilo atakuwa na kwao, na hatakuwa na adui wa kurithi.